Mitaro ya Wakio

Mara hii Mwandawiro hakupiga hodi. Aliutua mkungu wa ndizi mlangoni kwa shemeji yake Wakio, akavua kofia, akapiga magoti vumbini.

"Inuka, shemeji. Watu wataona," Wakio alisema. "Kama ni ile habari ya mitaro, jibu langu ni lile lile."

"Mvua iko Kasigau tayari. Nafikiria shamba langu."

"Na mimi nafikiria langu."

Ndizi alizipokea. Ombi, hapana.

Mteremko ule wa Mbololo ulikuwa urithi mmoja. Mzee wao aliukata katikati: mume wa Wakio, ambaye sasa ni marehemu, akapewa juu, Mwandawiro, mdogo wake, akapewa chini. Tangu hapo maji ya mvua hutoka kwa wa juu yakapitia kwa wa chini, na hakuna aliyeyauliza yamebeba nini.

Mwandawiro alikuwa ameshazunguka kote. Chifu alimwambia hawezi kumlazimisha mtu kwa shamba lake mwenyewe. Mchungaji akamwombea. Afisa wa kilimo alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama kama mtu aliyepotea njia, akawasha pikipiki yake akaenda.

Kavinya, yule Mkamba mwenye kibanda cha mboga kando ya njia, alimwona akishuka.

"Mzee, bado tu? Huyo shemeji yako ana kichwa kama jiwe! Asipochimba hiyo mitaro utaamka na matope kitandani."

"Wewe uza nyanya, Kavinya."

"Haya, nakuhurumia bure!"

Nyumbani alisukuma sahani bila kuionja. Mke wake, Peris, akamwambia aache sasa, amejidhalilisha vya kutosha.

"Nikiacha tutakula nini?" Mwandawiro akauliza. "Tuna kitu kingine sisi, zaidi ya hilo shamba?"

Peris aliondoa sahani.

Jumamosi asubuhi nyimbo zilisikika kutoka juu. Kikundi cha kina mama kilikuwa kimefika na majembe, na kamba imeshavutwa kukingama mteremko. Wakio mwenyewe alikuwa mbele, leso kaifunga kiunoni. Walichimba na kutupa udongo upande wa juu, ile fanya juu ambayo watu wa kilimo hufundisha ili udongo ubaki shambani, na tuta likaanza kuota juu ya mtaro.

Kavinya aliacha nyanya zake akapanda mbio. Alimkuta Mwandawiro amesimama pembeni, akampiga begani.

"Si umeona! Mama amelegea! Haya cheka basi, Mzee, ama unangoja tukutekenye?"

Mwandawiro hakucheka. Aliwapita kina mama, akaingia mtaroni, akasimama mbele ya jembe la Wakio mpaka wimbo ukakatika. Akanyoosha mkono aushike mpini, kisha akaurudisha.

"Shemeji," alisema, "mimi niligawiwa mawe matupu. Shamba langu lote limeshuka na mvua kutoka kwako. Sasa nitapata udongo wapi?"