Mkono wa Gauni

Bi Zamzam alilazwa ubavu, bomba la kamera likapitishwa mdomoni hadi tumboni. Kwenye skrini daktari aliiona mishipa iliyokuwa ikivuja damu kwa miaka miwili, akaichoma mmoja baada ya mwingine mpaka ikakauka.

Nje, mke mwenzake, Mwatum, alikuwa ameketi kwenye benchi, mkono wa gauni ameshaukunja. Nyumbani walikuwa hawasemeshani tangu siku Mwatum alipoolewa. Lakini kila damu ya Bi Zamzam ilipopungua, yeye ndiye aliyeitwa kuchangia, maana damu zao zilikuwa za kundi moja.

Daktari alitoka. "Leo hatuhitaji damu. Akiendelea hivi, hutaitwa tena."

"Basi niende?" Mwatum aliuliza, asiinuke.

Baadaye Bi Zamzam alitoka akijikongoja, akaketi kando yake. Aliutazama ule mkono ulio wazi, na alama ndogo za sindano.

"Utapata baridi," alisema, sauti imekwaruzwa na bomba.

Akaanza kuukunjua mkono wa gauni, kunjo moja baada ya jingine, hadi kwenye kifundo. Kikabaki kifungo. Alikishika, asikifunge.