Neno la Siri la Marehemu

Diski moja kuukuu katika kompyuta ya hospitali iligongagonga kati ya zile mpya, na fundi Aimée akajua ndiyo inayochelewesha picha zote za mapafu ya wachimbaji wa Likasi. Kuibadilisha kulihitaji kuzima mashine.

“Docteur, tukizima, ikiwaka tena itaomba code, lile neno la siri. Bila code, picha zote zinafungwa kabisa,” alisema. “Na muntu aliyeijua tulimuzika.”

“Basi kopiya picha zote kwanza.”

Alianza kunakili. Picha zilihama polepole mno. Mara umeme ukakatika, betri ya akiba ikaanza kulia.

Aimée aliweka kiganja juu ya diski. Ilichoma kama paji la mgonjwa wa malaria.

“Umefika wapi, mama?” daktari aliuliza.

Aimée alitazama majina yaliyokwisha kuhama. Yote yalianza kwa herufi A.

Betri ikanyamaza, na mashine ikazimika.