Njia ya Malori

Carine aliifuta nyumba ya Mama Philomène kwenye ramani, akairudisha, akaifuta tena. Ilikaa pabaya mno: pale pale ambapo malori yangegeukia kabla ya kurudi kinyumenyume hadi kwenye milango ya bohari.

"Bomoa, madame," alisema Hakim, mfanyabiashara wa unga aliyemwajiri kuichora bohari hiyo. "Nilisha kumuambia nitamujengea ingine, ya muzuri kupita hii. Anakatala. Tufanye je?"

Carine akaenda mwenyewe kumwona Mama Philomène, aliyekuwa mjane. Aliishi peke yake, redio ikipiga kelele kama ya baa. Kando ya ukuta kulikuwa na lundo la udongo mwekundu. Wa kukandikia nyumba, alisema. Mezani palikuwa na sahani ya bukari, yaani ugali, iliyofunikwa. Chumba kimoja kilifungwa kwa kufuli.

"Ni chumba ya Magloire, mutoto yangu," alisema Mama Philomène. "Alienda ku Kambove kuchimba madini. Hakurudia." Akainamisha kichwa. "Weye njo unachora ile plan, mama. Nyumba yangu, usiiguse. Nakuomba."

Carine aliitazama sahani ile, machozi yakamlenga. Mama yake naye alimpakulia marehemu kaka yake Carine chakula mwaka mzima, na hakuna aliyethubutu kumkataza.

Basi akaivalia njuga kazi hiyo. Akasogeza milango ya bohari, akapunguza rafu, akabishana na Hakim mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe akapata njia: malori yangezunguka nyuma ya nyumba. Udongo wa huko hakuupima. Kwa macho ulifanana na wa mbele, na Hakim alikuwa amechoka kungoja.

Asubuhi ya kuanza kazi, lori la kwanza la mawe kutoka Kakontwe likiwa linaingia kiwanjani, Carine alikwenda kumpa Mama Philomène habari. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi moyo wake ulikuwa mwepesi.

"Nyumba yako inabakia, mama! Hata tofali moja hatutagusa."

Mama Philomène akamshika mikono yote miwili, akalia kwa furaha. "Mungu akubariki, mutoto yangu. Sasa ba camions, ile malori, itapita wapi?"

"Kunyuma ya nyumba."

Mikono ikamwachia. Mama akapapasa ufunguo shingoni, akafungua kufuli, akausukuma mlango. Ndani hamkuwa na kitanda. Katikati ya sakafu palikuwa na shimo, na kamba nene ilishuka humo, ikapotelea kwenye handaki lililoelekea nyuma ya nyumba.

"Magloire!" mama akapiga kelele ndani ya shimo. "Toka! Toka sasa hivi!"

Nje, lori lilikuwa limeanza kuzunguka nyumba.

Kutoka chini, mbali sana, sauti ya kijana ikajibu: "Mama, zima redio! Siko nasikia."