Tafsiri ya Mwanahawa

Kampuni iliyotaka kuzika taka za nyuklia chini ya kilima cha mji ilileta mtaalamu mgeni kwenye mkutano wa kuomba ridhaa ya wakazi. Mwanahawa, mzaliwa wa pale, ndiye aliyekuwa akimtafsiria, na kampuni ilikuwa imemwahidi kazi ya kudumu.

"Hizo taka zitabaki na sumu mpaka lini?" aliuliza Bi Kibibi, shangazi yake aliyemlea.

Mtaalamu hakuficha. Alisema sumu itadumu vizazi visivyohesabika, na kwamba hakuna awezaye kuahidi kuwa mwamba hautapasuka.

Mwanahawa alimtupia jicho meneja wa kampuni. "Anasema itachukua muda mrefu," alitafsiri, "lakini mwamba ni imara."

Mtaalamu aliitikia kwa kichwa, akidhani maneno yake yamefika.

"Lugha yake siijui," Bi Kibibi aliwaambia majirani, "ila huyu mtoto nimemlea mwenyewe. Hawezi kutudanganya."

Akanyoosha mkono kukubali. Mmoja mmoja, wengine wakamfuata.

Mwanahawa alibaki ameshika kipaza sauti. Mtaalamu akamwinamia sikioni.

"Wanasemaje?" aliuliza.

Mikono ilikuwa bado juu, na wa shangazi yake ulishaanza kutetemeka kwa uchovu.