Mbuzi Aliyemeza Somo

Shule ya msingi ya wanyama ilikuwa na Wiki ya Elimu, na Ijumaa ingekuwa sherehe mbele ya mgeni rasmi, Bibi Tembo. Mwalimu Korongo, aliyependa mno kusifiwa, akawaamuru wanafunzi wake, "Somo la mvua mlimeze lote, mpaka nukta ya mwisho!"

Chiriku akalikariri kutwa kucha mpaka sauti ikamkauka. Mbuzi, ambaye hakuwahi kukaidi amri ya mwalimu, akakimeza kitabu chote pamoja na jalada.

"Mpumbavu we!" Mwalimu akafoka. "Siku ya sherehe ukae jikoni, usinitie aibu."

Ijumaa ikafika. Bibi Tembo akauliza, "Haya wajukuu, mvua hutoka wapi?"

Chiriku akasimama, kifua mbele. "Mvua... mvua ni... shikamoo, Bibi!" Yote yakawa yamemtoka kichwani.

"Kwani hakuna aliyemeza somo hapa?" Bibi Tembo akauliza.

"Mimi hapa, Bibi!" Mbuzi akaitikia kutoka jikoni. Akaja mbio, akacheua kidogo, akatema mezani ukurasa wa mvua. Ulikuwa umelowa chapachapa, lakini hata nukta haikupungua.

Bibi Tembo akausoma, akapiga makofi kwa masikio. "Huyu ndiye wa kwanza! Wengine humeza, kurudisha hawawezi."

Mwalimu Korongo akadakia upesi, "Huo mwanzo tu, Bibi. Wiki ijayo nitawafundisha kuelewa."

Mbuzi akalamba midomo. "Kuelewa, Mwalimu? Hicho kitabu kiko kabati gani?"