Mpaka Sikioni

Nikutegee. Akiinama ana nguvu, akinyooka amelala. Nani huyo? Usikimbilie kujibu, mjukuu wangu. Lifumbate jibu lako kwanza, usikilize.

Mshale wa tatu wa mwindaji mmoja uligonga ubao, ukadunda, ukaanguka vumbini.

"Huo nao umebisha hodi, haukufunguliwa," alisema Jicho, mwenzake wa kuwinda tangu ujana wao.

Watu wakacheka. Mwindaji hakucheka. Kiongozi wa msafara alikuwa ameshatangaza: saa tisa gari linaondoka, na ambaye mshale wake haukwami kwenye ubao atabaki kulinda gari, wenzake wakiingia porini. Hataki wanyama waliojeruhiwa bure. Misimu thelathini mwindaji ndiye aliyetangulia mbele. Leo alinde gari! Afadhali abaki nyumbani achambue mchele.

"Mkono ni ule ule," alisema, akauvuta upinde bila mshale, mpaka uzi ukamgusa sikio. "Mnaona? Mpaka sikioni. Upinde ndio umezeeka."

Nyumbani hakukalika. Aliufungua uzi, akaufunga, akaufungua tena. Akasimama dirishani, akaenda mlangoni, akarudi dirishani. Chai yake ikapoa mezani. Mke wake alikuwa ameketi kwenye ngazi za nyuma, kiti cha mteja kimelala magotini pake miguu juu, anakwangua rangi ya zamani. Ndiyo kazi iliyowasomeshea watoto, kufufua samani za watu, na vumbi la mbao halikumtoka kwenye kope.

"Mama watoto, nibaki na huu au ninunue mpya?"

"Huo umekukosea nini?"

"Umechoka."

"Wewe hujachoka?"

"Nichoke mimi? Navuta mpaka sikioni!"

Mke akapuliza vumbi kwenye mguu wa kiti. "Basi baki nao. Umeshakuzoea."

"Umenizoea mpaka umenidharau," alisema mumewe, akatoka nao mkononi.

Karakana ya fundi wa pinde ilikuwa nyembamba kama ujia, inanuka gundi na nta. Fundi alimpa upinde mpya, wa mti ule ule, urefu ule ule. Mwindaji akauvuta. Uzi ukafika kifuani, ukagoma. Akapanua miguu, akauma meno, akavuta tena. Kifuani.

"Mti wenyewe bado mbichi," alisema, jasho likimtiririka.

Fundi alikohoa kidogo. "Kaka, huo unavutwa kwa kilo ishirini na tano. Sawasawa na wako siku ulipotoka hapa."

"Haiwezekani. Wangu nauvuta kama mkanda wa suruali."

"Hebu lete."

Fundi aliutundika ule wa zamani kwenye ndoano, akafunga mizani kwenye uzi, akauvuta chini kwa urefu wa mshale. Sindano ikasimama kwenye kumi na sita. Akavaa miwani. Akapitisha kidole gumba upande wa ndani wa mti, kutoka juu hadi chini, polepole.

"Huu haukuzeeka," alisema. "Umekwanguliwa. Kidogo kidogo, miaka mingi. Nani huwa anaushika?"

Mwindaji alihisi masikio yakiwaka moto. Msimu uliopita Jicho aliuazima siku nzima. Na msimu wa kabla yake pia. Na yeye mwindaji akiachwa kulinda gari, ni nani atakayetangulia mbele?

"Jicho," alisema.

"Sidhani. Anayetaka kukuharibia angekata mahali pamoja tu, ukuvunjikie mkononi. Huyu aliyeukwangua alikuwa..."

Lakini mwindaji alikuwa ameshafika barabarani, ana upinde kila mkono.

"Mmoja nirudishie!" fundi alipiga kelele.

Nyumbani alipita kutua mizigo tu. Ilikuwa saa nane na nusu.

"Nani amekwangua upinde wangu?" aliuliza, akausukumiza ule wa zamani juu ya meza, kikombe cha chai kikatikisika. Hakungoja jibu. "Jicho! Miaka yote hii tunakula sahani moja, kumbe ananichimba chini kwa chini! Leo namvunja meno mbele ya msafara mzima, na akitaka kusema neno aliseme bila meno."

Mke wake aliinuka, akajipangusa mikono, akasimama katikati ya mlango. Hakuwa mtu wa kuziba njia. Mumewe akasita.

"Nipishe, mama watoto. Gari linaondoka."

"Nipe huo mpya niuone."

"Uuone wa nini? Upinde wenyewe mbovu, haufiki hata kidevuni."

Alimpa hata hivyo. Mke akaugeuza, akapitisha kidole gumba upande wa ndani, kutoka juu hadi chini, polepole.

"Mwache Jicho," alisema. "Hajakukosea kitu."

"Kama si yeye, nani?"

 Mke aliuegemeza upinde ukutani kwa uangalifu, akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kitambaa kilichokunjwa. Akakifungua mezani, kando ya chai iliyopoa. Ndani yake mlikuwa na kipande cha chupa, kimelika ukingo mmoja kwa kazi.

Mumewe akakitazama. Akamtazama yeye. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado unamuuma tangu kule kwa fundi, naye akauficha nyuma ya mgongo.

"Nani?" aliuliza tena, safari hii kwa sauti ndogo.

"Mimi, baba watoto. Mwaka wa sita sasa. Kila msimu mkono wako uliposhindwa kufika sikioni, niliukwangua kidogo, ufike."