Kayamba Imefichwa Wapi?

Spika za kwanza Mwalimu Zefania alizirudisha dukani. Za pili pia. Sasa muuzaji, Sharifu, alikuwa amemletea za tatu, ndefu za kufika kifuani, na kuzisimamisha pembeni mwa kochi.

"Besi ipo," Zefania alisema. "Kayamba mmeificha wapi?"

Wimbo uliokuwa ukipigwa ulikuwa wa kwaya aliyoifundisha mwenyewe. Kayamba ndiyo iliyoufungua, peke yake, kabla ya sauti kuingia. Mkewe, Tabitha, aliisikia safi kabisa, kama mchele unaopepetwa. Hata kwenye zile zilizorudishwa aliisikia. Tatizo halikuwa spika.

"Mwalimu, kwa spika hizi hata mbu akikohoa utamsikia," Sharifu alisema.

"Basi huyo mbu wako hajui kupiga kayamba. Mama Eliya, wewe unaisikia?"

Sharifu alimtazama Tabitha. Jumapili mwalimu angesimama mbele ya kanisa zima, na kayamba ndiyo ya kumwonyesha pa kuwaingiza waimbaji. Tabitha hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Safari hii aliyazungusha.

"Kwa mbali," alisema.

"Umesikia? Kwa mbali!" Zefania alicheka. "Anza upya, kijana. Ongeza sauti."

Sharifu akaongeza. Kayamba ikajaa nyumba nzima, hadi jirani akachungulia dirishani. Zefania aliinama, akabandika sikio kwenye kitambaa cha spika, akainua mkono wa kulia kama afanyavyo kanisani, akangoja ianze.